Kanyaga Baraza kwa Nguvu

Tarver Shoals, Karolina Kusini
Septemba 4, 1983

Wanangu Leander na Vonceil,

Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno, asije mmoja wenu akasema mwenzake kaambiwa zaidi. Nawajua nyie.

Nimeanguka. Msianze kulia, sijafa. Niliteleza kwenye ngazi za nyuma nikiwapelekea kuku maji, nikalala pale chini kutwa nzima mpaka Bwana Purvis alipopita na barua. Anasema alikanyaga baraza mpaka mbao zikalia, akaona sitokei, ndipo akazunguka nyuma. Mungu ambariki. Siku hizi ni yeye na Theola tu wanaokumbuka kwamba mimi sigongewi mlango. Masikio niliyaacha kwenye mitambo ya kile kiwanda, lakini nyayo zangu bado zinasikia mbao zikitikisika.

Daktari ameandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa utadhani mimi ni mtoto, kwamba nisikae peke yangu tena. Nimekubali. Mnajua mimi si mtu wa kukubali ovyo. Basi nakuja kwa mmoja wenu.

Sasa, yupi? Miaka yote hii kila Krismasi mnaigeuza meza yangu uwanja wa ngumi. Vonceil: Atlanta ina treni inayopita chini ya ardhi, Atlanta uwanja wake wa ndege ni mji mzima. Leander: Charlotte ina miti, Charlotte ina mabenki, Charlotte mtu analala usingizi. Mwaka jana mlibishana mpaka viazi vitamu vikapoa. Haya, mteja amefika. Niuzieni miji yenu. Ni upi unaomfaa bibi kizee kiziwi mwenye fimbo?

Kanisani nimeshasema. Nilisimama Jumapili nikawaambia wanangu watanigombania, wakacheka na kupiga makofi. Jumapili ya tatu ya Oktoba watanipikia chakula cha kuniaga, na Theola, karani wetu, ataandika kwenye kitabu cha kanisa nimehamia mji gani. Kwa hiyo msichelewe.

Mama yenu,
Ozella Mattison


Charlotte, Karolina Kaskazini
Septemba 12, 1983

Mama mpenzi,

Pole sana. Nimesoma barua yako nimesimama, nikashindwa kukaa.

Mama, nimefikiri sana, na nitasema jambo ambalo Vonceil akilisikia atalitundika ukutani: nenda Atlanta.

Charlotte si mji wa mzee. Ile miti niliyokuwa najisifia wanaikata. Kila ukigeuka ni winchi na shimo, wanajenga ghorofa za mabenki, na vumbi linaingia mpaka kwenye sukari. Basi likikupita jioni, umelala barabarani. Watu wanakuja kila siku kutoka kila kona na hakuna anayekuuliza umeamkaje. Atlanta wana hospitali za maana. Wana makanisa ambayo mtu anasimama mbele na kuwatafsiria viziwi mahubiri kwa mikono, hebu fikiria! Halafu Vonceil ana nafasi. Ile baraza aliyokutumia picha, yenye kiti cha kubembea, unaionaje? Mimi na Darlene hatukai nyumbani, ni kazi tu kutwa.

Ukiniandikia tumia anwani ya kinyozi wangu, Bwana Foy. Mtaani kwetu barua zinaibwa.

Mwanao,
Leander


Atlanta, Georgia
Septemba 13, 1983

Mama yangu,

Zile ngazi nilisema tangu msimu wa pichi zitengenezwe, Leander akasema atazitengeneza. Haya.

Atlanta nimeisifu na sijutii, lakini ni mji wa mtu mwenye miguu yake. Hiyo treni, Mama, ina ngazi zinazotembea zenyewe, ukizubaa zinakula kiatu. Joto la hapa linakukaba koo hadi Oktoba. Nyumba zinavunjwa asubuhi, jioni pana uzio. Jirani yangu simjui jina. Ukianguka huku hakuna Bwana Purvis wa kukanyaga baraza.

Charlotte ni mji mtulivu, nakiri leo. Leander yuko benki, ana mke, ana uwanja nyuma ya nyumba, kuku wako wangepata pa kuchakura. Na ni mwanao wa kiume, wa kwanza. Mimi zamu zangu za hotelini hazieleweki, ungeshinda peke yako, na ndicho daktari alichokataza.

Niandikie kwa anwani ya hapa hotelini, idara ya dobi. Wananipa barua mkononi.

Mwanao akupendaye,
Vonceil


Tarver Shoals
Septemba 25, 1983

Wanangu,

Nimezitandaza barua zenu mezani, ubavu kwa ubavu. Theola alikuja akanikuta nacheka mpaka nashika mbavu, akaandika kwenye kibao changu: una nini wewe? Nikamwambia miji ya wanangu imebadilishana nafasi. Charlotte imehamia Atlanta na Atlanta imehamia Charlotte, na yote ndani ya wiki moja. Yeye hakucheka sana.

Usiku nilizisoma tena. Safari hii sikucheka.

Sikilizeni. Mimi treni sina haja nayo. Baraza yenye kiti cha kubembea sina haja nayo. Nyie wawili niliwalea kwenye chumba kimoja na baba yenu anayekoroma, na hakuna aliyekufa. Nitalala popote. Nilitaka mmoja wenu aandike neno moja tu: njoo. Katika kurasa zote mlizoniletea hilo neno sikuliona, na miwani yangu ni mizima.

Kuku nimempa Theola. Kuni zangu za msimu mzima nazo nimempa Theola, zilikuwa zimeshapasuliwa na kupangwa, ningezifanyia nini? Kitanda amepewa mjukuu wa Shemasi Boozer anayeoa. Umeme nimeomba ukatwe mwisho wa Oktoba. Mjue basi nimesimama wapi.

Mama yenu


Charlotte
Oktoba 1, 1983

Vonceil,

Mama amekuandikia kama alivyoniandikia mimi, kwa hiyo tusizungukane. Mchukue. Wewe ndiye mwanamke. Nani atamwogesha, mimi? Ulituringia na nyumba yako miaka yote, vyumba, baraza, maua kwenye makopo. Leo imekuwa finyu?

Usiniulize sababu zangu. Ninazo.

Leander


Atlanta
Oktoba 6, 1983

Leander,

Wewe ndiye mwanamke! Ulipokuwa unachukua gari la Baba hukukumbuka nani mwanamke na nani mwanamume.

Mtu wa benki, mwenye tai, mwenye mke nyumbani, unanisukumia mimi ninayekunja mashuka ya wageni? Kama Darlene hamtaki Mama, sema Darlene hamtaki. Usijifiche nyuma ya vumbi la winchi. Na mimi sababu zangu ninazo pia, wala sitazitaja kwa mtu anayenicheka.

Mwandikie Mama aje Charlotte. Mwandikie leo.

Vonceil


Tarver Shoals
Oktoba 17, 1983

Vonceil mwanangu,

Jana waliniaga. Kuku wa kukaanga, keki ya nazi ya Theola, watoto wakaimba na mimi nikatazama midomo yao. Wamenipa sanduku jipya la safari, la buluu. Mchungaji aliniombea mpaka chakula kikapoa.

Basi nimeamua: nakwenda Charlotte. Leander anakuja kunichukua Jumamosi. Kwa hiyo tulia, usijisumbue tena. Usimwandikie kaka yako kwa sasa, najua mmeumizana. Mpeane nafasi hadi Krismasi.

Sina kinyongo na wewe. Kula vizuri, ulikonda mara ya mwisho.

Mama


Tarver Shoals
Oktoba 17, 1983

Leander mwanangu,

Jana waliniaga, na nimepewa sanduku la buluu ambalo ni zuri kuliko nguo zote nitakazotia ndani.

Basi nimeamua: nakwenda Atlanta. Vonceil anakuja kunichukua Jumamosi. Usijisumbue tena. Dada yako usimwandikie kwa sasa, ana hasira na wewe, na hasira yake unaijua. Mwache hadi Krismasi.

Sina kinyongo na wewe. Vaa kofia, kifua chako hakipendi baridi.

Mama


Charlotte
Desemba 17, 1983

Mama mpenzi,

Natuma barua hii kwa Vonceil, idara ya dobi, naye atakupa. Nimekaa kimya kama ulivyotaka, lakini Krismasi imefika na nimeshindwa.

Unaionaje Atlanta? Umeipanda ile treni? Nakuona na fimbo yako na kofia ya kanisani, unawafokea watu wasimame wakupishe.

Mama, naona haya. Ulipouliza, nilitakiwa kujibu kiume na sikujibu. Iko siku nitakueleza kwa nini, nikiwa nimekaa mbele yako. Mwambie Vonceil alifanya vizuri. Mwambie namshukuru, hata kama hataki kusikia.

Redio inasema wiki ijayo itakuja baridi ambayo haijaonekana Kusini kwetu kwa miaka. Nashukuru Mungu huishi tena kwenye ile nyumba.

Mwanao,
Leander


Atlanta
Desemba 18, 1983

Leander,

Krismasi njema. Katika kifurushi hiki kuna soksi nzito za sufu na kanzu ya kulalia, ni za Mama. Kuna na keki ya matunda, hiyo kuleni wote, hata Darlene.

Mwambie Mama nimeshika mara nyingi kalamu nikaiweka chini. Mwambie ananijia usingizini. Na wewe asante. Nilikutukana, na bado wewe ndiye uliyekwenda kumchukua. Hilo nalikubali.

Anakuna kichwa bado akisoma?

Vonceil


Atlanta
Desemba 27, 1983

Leander,

Nimerudi kazini leo nikakuta barua yako. Umemwandikia Mama. Kwangu.

Kwa nini unamwandikia Mama kwangu? Mama yuko kwako! Aliniambia ulikwenda kumchukua Oktoba. Leander, kama huu ni mzaha nitakuua.

Namba yako ya simu sina, kwa hiyo nampa dereva wa hotelini barua hii, yuko njiani kuja huko Charlotte. Wewe una gari. Ondoka sasa hivi. Mimi natafuta basi.

Ukifika usigonge. Kanyaga baraza kwa nguvu.

Vonceil


Tarver Shoals
Januari 8, 1984

Leander na Vonceil,

Hapa ni Theola Garlington. Mlipokuwa hapa kwa mazishi sikuwauliza kitu. Mlisimama kaburini kila mmoja upande wake, hamtazamani, nikaona huo si wakati wangu. Lakini kuna mambo nimeyabeba na sitayabeba peke yangu.

Alituambia anachukuliwa ile Jumamosi asubuhi. Hakutaja anayemchukua wala mji. Alisema atatuletea habari akifika. Jumapili tulipita tukaona mapazia yamefungwa na mlango umefungwa, tukasema Ozella ameenda zake, tukaimba. Bwana Purvis aliambiwa asisimame tena. Moshi haukuwapo. Ungetoka wapi? Kuni ninazo mimi.

Alikuwa mle ndani muda wote. Chupa za pichi na maharage alizokuwa amezihifadhi kwa ajili ya majira ya baridi tumezikuta zimekwisha, zimeoshwa, zimefunikwa kitambaa. Maji alikuwa akichota kisimani gizani, tumeona nyayo. Mimi naamini aliwangoja nyie. Naamini alijua mmoja atamwandikia mwenzake, na mtakuja. Na mlikuja. Mlichelewa tu.

Sasa sikilizeni langu. Mwanzoni mwa Desemba nilipita pale nikaona pazia limekaa vibaya. Nikapanda ngazi nikagonga. Niligonga, wanangu! Mimi niliyekanyaga baraza ile tangu masikio yake yalipokufa, niligonga mlango kama mtu anayegonga nyumba isiyo na watu, nikasikiliza, nikaenda zangu. Sikukanyaga. Kichwani mwangu Ozella alikuwa yuko mjini na wanawe, anakula bata mzinga.

Usiku wa ile baridi, mkesha wa Krismasi, maji yaliganda mabombani mwetu mpaka mabomba yakapasuka. Nilijaza jiko kuni zake nikalala vizuri. Daktari anasema ni usiku huo huo.

Leander, nilikusikia siku uliyokuja. Niko ng'ambo ya misonobari na nilikusikia ukikanyaga. Ulikanyaga muda mrefu sana. Ndipo nikatoka mbio bila koti, maana nilijua hakuna mtu anayekanyaga hivyo kwenye nyumba ya mtu aliyehama. Tulimkuta pamoja, kwa hiyo sina haja ya kukueleza. Vonceil wewe hukumwona. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, amevaa koti na kofia ya kanisani, na lile sanduku la buluu liko miguuni, limefungwa. Usoni hakuwa amekasirika. Nakwambia kwa sababu ningekuwa wewe ningetaka kujua.

Jambo la mwisho. Kwenye kitabu cha kanisa niliandika jina lake, na pembeni: amehamia. Halafu nikaacha wazi, nikingoja atuletee jina la mji. Mchungaji anataka kitabu kabla ya mkutano wa mwaka. Niandike nini?

Theola Garlington


Atlanta
Januari 15, 1984

Leander,

Barua ya Bi Theola nimeisoma kwenye chumba cha mashuka, ambako mtu akilia anasingizia mvuke.

Ile nyumba ya baraza sinayo tangu masika ya mwaka jana. Tulikuwa wapangaji, mwenye nyumba akauza mtaa mzima, tukapewa karatasi. Siku hizi ni maegesho ya magari. Nilipita hapo mara moja tu. Naishi kwenye chumba cha kulipia kila wiki karibu na stesheni, kitanda kimoja. Mchana nalala mimi, usiku analala mwanamke mwingine tunayepishana zamu, anaitwa Earlene, mashuka yanakuwa bado ya moto. Ndiyo sababu yangu. Ningemwambia Mama aje, angekuja wapi?

Niliona ni afadhali anidhani sina moyo kuliko ajue sina nyumba. Miaka yote ile niliyotamba mbele yako, Leander. Nilikuwa na uhakika wewe unazo nafasi, umemnyima tu. Nilikuchukia kaburini pale. Nilikuchukia hata tulipoagana nikakushika mkono.

Nimekuambia. Sema na wewe.

Vonceil


Charlotte
Januari 22, 1984

Vonceil,

Darlene aliondoka kabla ya Krismasi ya mwaka juzi. Ile Krismasi tuliyobishana mpaka viazi vikapoa, alikuwa ameshaondoka, nikamwambia Mama ana mafua. Nyumba yetu ilivunjwa wakati mmoja na nyumba zote za mtaa, wapate njia ya magari ya kuingia kwenye hayo mabenki. Benki ninakofanya kazi ni kweli, ghorofa ya juu kabisa ni kweli. Nafagia. Kwa kinyozi Foy siendi kuchukua barua, nalala hapo. Ananipa chumba cha nyuma nami namsafishia duka.

Nilikuwa na uhakika na wewe pia. Niliona ile picha ya baraza nikasema Vonceil hana sababu ya kukataa, ana roho ya jiwe tu. Miji miwili inakua, watu wanamiminika, magazeti yanaandika, na sisi wenyeji wake wawili hatukuwa na pa kumweka mama yetu. Na hatukuthubutu kuambiana. Angetucheka tu, Mama. Angesema niliwalea chumba kimoja, sogeeni.

Bi Theola anangoja jibu. Nilichukua karatasi nikaandika Charlotte. Nikaifuta. Nikaandika Atlanta, nikaifuta hiyo pia. Mwisho nimemwambia aandike hakuhama, arudishe jina lake mahali lilipokuwa. Kama unaona vingine, mwandikie.

Usiku wa jana sikupata usingizi. Niliamka nikawasha taa, nikasogeza masanduku ya taulo, nikatoa kile kiti kibovu cha Foy nikakiweka nje, nikasukuma kitanda changu mpaka ukutani. Halafu nikasimama mlangoni nikatazama.

Kitanda cha pili kinaenea, Vonceil. Kinaenea, na nafasi ya fimbo inabaki.

Kaka yako,
Leander